Mtoto mwenye kilema na kazi ya baba mu mines: utafiti wa Lubumbashi unasema nini kweli?

Tangu 22 Februari 2025, siku Serikali ilifunga mlango ili kobalti isitoke inje, mu Kolwezi na mu Lubumbashi habari ilikuwa moja tu: bei. Kisha, mwezi wa Oktoba, ikawa habari ya kipimo: tani 96.600 kwa mwaka mu 2026 na mu 2027, na kila kampuni inatafuta sehemu yake. Ni haki. Mwenye kula juu ya kobalti atahesabu bei ya kobalti. Lakini iko hesabu ingine yenye ilitoka mu 2020 na kupita kimya, kwani wakati ule dunia yote ilikuwa inaangalia Korona. Inahusu watoto wenye wanazaliwa mu nyumba za watu wa mines. Tunaona haifai iendelee kulala mu makaratasi ya waganga.

Utafiti ule ulitoka mwezi wa Aprili 2020 mu gazeti la waganga, The Lancet Planetary Health. Ulifanywa na watu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Ubelgiji. Kati ya wenye waliuandika iko Profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu, mwenye amepima mikojo na damu ya watu wa Katanga kwa miaka mingi, na Profesa Benoit Nemery wa Leuven. Kuanzia Machi 2013 mpaka Februari 2015, walitafuta mu Lubumbashi watoto wenye walizaliwa na kilema yenye kuonekana kwa macho: mgongo wenye haukufunga, mdomo wa kupasuka, miguu ya kupinda, na zingine. Walipata 138. Kando yao waliweka watoto 108 wenye hawakuwa na kilema. Waliuliza wazazi maswali mengi. Walipima mkojo na damu ya mama, damu ya kitovu, kondo la nyuma, hata vumbi ya ndani ya nyumba.

Walipolinganisha, kitu kimoja kilionekana na nguvu kupita vingine: kazi ya baba. Wababa wenye wanatumika mu mines ao mu kazi yenye kuambatana na mines walionekana zaidi upande wa watoto wenye kilema, na hesabu ya hatari ilifika mara 5,5. Tusome vizuri: kazi ya baba. Hapana ya mama.

Hesabu ile inaogopesha, na wengine wataikamata vibaya. Tuifungue polepole.

Kila mchimbaji anajua habari ya Metorex kwenye depo. Unaweka mashini juu ya jiwe moja, inasoma teneri ya juu. Unageuza jiwe, teneri inashuka, na mnunuzi anachagua yenye inamupendeza. Ukipima mawe mengi, mfuko kisha mfuko, ndipo ukweli unaanza kukaa pahali pake. Utafiti ni vile vile. Watoto 138 na 108 si wengi. Kwa hiyo watafiti wenyewe waliandika kwamba hesabu ya kweli inaweza kuwa popote kati ya 1,2 na 25. Ni nafasi kubwa sana! Mwenye atakuambia "mara tano" kama vile anahesabu franga mkononi, anapita kipimo. Lakini tuangalie hata upande wa chini kabisa: 1,2 iko juu ya 1, na 1 ndiyo ingekuwa "kazi ya baba haina neno". Hapo ndipo nguvu ya utafiti iko.

Tena, mara tano ya nini? Mu miaka ile miwili Lubumbashi ilizaa watoto 133.662. Wale 138 ni kama mtoto mmoja juu ya 1.000. Ni hesabu ya chini, kwa sababu walitafuta tu kilema yenye kuonekana inje. Moyo wenye kuzaliwa na tundu, kwa mfano, macho hayauoni. Hata hivyo, tuseme tunazidisha mmoja ule mara tano: watoto 995 juu ya 1.000 wanazaliwa bila kilema ya namna ile. Kijana mwenye anatumika mu mine na bibi yake ana mimba asikose usingizi kama vile hukumu imekwisha kutolewa. Haikutolewa.

Basi juu ya nini tunasema ni habari kubwa? Juu ya mama.

Tunajua wote namna inapita mu kartie zetu wakati mtoto anafika na mgongo wazi ao mdomo wa kupasuka. Swali la kwanza haliendi kwa baba. Familia ya bwana inauliza: huyu mwanamke alikula nini, alitembea na nani, alikosea nani kwao, bulozi ilitokea upande gani? Wengine wanarudishwa kwa wazazi wao na mtoto mgongoni, na mambo ya mahari yanaanza kuongelewa upya. Bwana, mwenye labda anajua moyoni kwamba bibi hana kosa, ananyamaza mbele ya wakubwa.

Hatusemi sasa mzigo utoke kwa mama na kubebeshwa baba. Baba alikwenda kutafuta bukari ya nyumba, na hakuna mtu alimwambia vumbi yenye anarudi nayo inaweza kuwa na neno. Na tuseme wazi: hakuna munganga mwenye anaweza kuangalia mtoto mmoja na kusema, huyu, mine ndiyo ilimfanya hivi. Utafiti unaongea juu ya watu wengi pamoja. Juu ya mtoto mmoja hauna sauti. Kama munganga hawezi, basi mama mkwe hawezi, na nabii wa maombi ya usiku hawezi pia.

Iko pahali pamoja penye utafiti unaumiza kichwa, na hatupendi kupaficha. Mtu angefikiri kobalti itaonekana zaidi mu damu ya wamama wa watoto wenye kilema. Haikuwa vile. Vyuma vilikuwa vingi kwa wote, upande huu na upande ule. Vyenye vilitofautisha kidogo mu damu ya kitovu ni manganezi na zinki, na watafiti walisema wenyewe kwamba vyuma vile havichimbwe mu Lubumbashi, kwa hiyo hawaelewi njia yake. (Wa Kipushi watasema: na zinki yetu? Lakini mu miaka ile mine ya Kipushi ilikuwa ingali imefungwa. Ilianza kutoa tena mu 2024.) Sisi tunaona jambo hivi: kama watu wote wa muji wanavuta vumbi moja, kulinganisha jirani na jirani hakuwezi kuonyesha vizuri kazi ya vumbi ile. Ni kama kutafuta nani alilowa, mvua ikiwa imenyeshea wote.

Na kweli, imenyeshea wote. Mu 2009, kundi la Profesa Banza lilitoa hesabu ya watu 351 wa Katanga: wenye walikaa karibu na mines na viwanda, chini ya kilometa 3, walikuwa na kobalti mu mkojo kupita yote yenye ilikuwa imeandikwa juu ya raia wa kawaida, wenye si watumishi wa kiwanda, pahali popote. Mu 2018 wakarudi na habari ya Kasulo, mu Kolwezi, kule watu walianza kuchimba mashimo ndani ya nyumba na mu viwanja tangu 2014. Walipima wakaaji 72, kati yao watoto 32. Watoto wa Kasulo walikuwa na kobalti mu mkojo mara kumi kuliko watoto wa kartie ingine, na alama za kuharibika mu mbegu ya urithi ya mwili wao. Watoto wale hawakushuka mu shimo. Walicheza mu udongo, wakatia mikono mu kinywa.

Sasa, namna gani kazi ya baba inaweza kufika kwa mtoto mwenye angali tumboni? Njia mbili zinafikiriwa. Ya kwanza ni mbegu ya baba mwenyewe: inachukua karibu miezi miwili na nusu kutengenezwa mu mwili, na muda ule wote mwili wa baba uko mu kazi. Ya pili ni nguo. Njia ya nguo dunia inaijua zamani. Mu 1965, mu London, waganga walitoa habari ya wagonjwa wa kansa yenye kuletwa na amiyanti. Kati yao kulikuwa wamama wenye hawakutumika hata siku moja mu kiwanda. Kazi yao ilikuwa kufua nguo za mabwana. Mu 1992 Marekani iliweka sheria juu ya kulinda jamaa za watumishi kwa uchafu wenye kuletwa nyumbani kutoka kazini. Amiyanti si kobalti, tusichanganye. Lakini salopeti ni salopeti, na vumbi haiulize jina ya mwenye kufua.

Kwa hiyo iko mambo ya kufanya bila kungojea utafiti mwingine. Mwenye ana duche kazini aoge pale na kubadilisha nguo na viatu mbele ya kupanda bisi. Mwenye hana, avue inje ya nyumba. Salopeti isikung'utwe ndani, ifuliwe peke yake, hapana mu basine moja na nguo za mtoto. Na kama mama ana mimba, baba aifue mwenyewe. Tunajua wengine watacheka. Wacheke, lakini wafue. Mfuko wa mawe usilale mu chumba penye watu wanalala, hata kama unaogopa wezi. Nyumba ipanguswe na kitambaa cha maji. Kufagia vumbi kavu ni kuirudisha mu hewa. Lengalenga na matembele yaoshwe sana. Maji yanaondoa vumbi ya juu, lakini hayaondoe yenye majani yalivuta kwa mizizi, kwa hiyo bustani karibu na kiwanda ao mtaro wake si pahali pa kulima.

Iko pia kinini ya asidi foliki. Mfereji wenye unakuwa mgongo na ubongo wa mtoto unafunga karibu siku ya 28 ya mimba, wakati mama wengi hawajajua hata kama wana mimba. Kinini yenye unapewa kwenye CPN mu mwezi wa tano ni ya lazima juu ya damu yako, lakini kwa mgongo wa mtoto imechelewa. Mwenye anafikiri kuzaa aiombe mbele, mikrogramu 400 kila siku. Mama mwenye alikwisha kuzaa mtoto mwenye mgongo wazi aone munganga, kwa sababu kipimo chake ni kikubwa zaidi: utafiti mkubwa wa 1991 ulionyesha kwamba kwa wamama kama yeye inapunguza hatari ya kurudia kwa karibu robo tatu. Haijalishi kama vumbi ndiyo ilileta ao hapana.

Na wale watoto wenye wanafichwa mu chumba cha nyuma? Mguu wa kupinda unanyooshwa kwa plasta yenye kubadilishwa kila juma, kama ikianzwa mapema, mara nyingi bila kupasuliwa sana. Mdomo wa kupasuka unashonwa. Kila mwezi wa kuficha ni mwezi wa kupoteza.

Lakini tusidanganyane: sabuni ya mama haiwezi kulipa deni ya kampuni. Mwezi wa Novemba 2025, wakati maji ya kiwanda kimoja yalimwagika mu kartie za Lubumbashi, Waziri wa Mines alisimamisha kazi ya kampuni ile. Vizuri. Ile ilikuwa maji, watu waliiona na kuipiga picha. Vumbi ya kila siku hainaye waziri. Kampuni yenye inaweza kununua lori za tani mia haiwezi kusema inakosa duche, sanduku mbili za nguo, moja ya kazi na moja ya nyumbani, na mashini ya kufulia salopeti pale pale. Sendika ziweke jambo hili mu mazungumzo kando ya mshahara. Kwa wachimbaji wa mkono ni vigumu zaidi, kwani shimo halina patroni mwenye kuulizwa. Pale ni koperative na SAEMAPE wenye kuchukua sehemu yao kila siku, na maji ya kuogea kwenye mlango wa karyere si kitu cha kuwashinda.

Franga ziko. Kodi ya mines mu 2018 ilisema kila kampuni itoe 0,3% ya mauzo yake kwa miradi ya wakaaji, na 15% ya redevanse inakwenda kwa komini ao sekta yenye mine iko ndani yake. Wakati wa kuandika miradi, watu wanaomba masomo, barabara, uwanja wa mpira. Tunaomba waongeze kitu kidogo sana: mu kila materinite ya Lualaba na Haut-Katanga, daftari yenye inaandika kila mtoto mwenye kilema, kartie ya wazazi, na kazi ya baba. Watafiti wa 2020 walikuwa na watoto 138 kwa miaka miwili mu muji mmoja. Majimbo mawili, miaka mitano, na tutajua kama ni 1,2 ao 5 ao 25.