Mnara wa Makatumbe na picha yangu ya uongo

Wiki hii sina mambo ya mapenzi. Nina aibu yangu.

Binamu yangu wa Mugumu, Serengeti, katua mjini. Kashuka stendi ya Magufuli na begi moja na kuku mmoja. "Mura, nimekuja," kaniambia. Kuja wapi? Bandarini, kwenye ile kazi yangu!

Kazi gani tena? Mwaka jana nilituma picha nyumbani Tarime: nimevaa kofia ngumu ya kuazima, nyuma yangu makontena na winchi. Chini nikaandika: "Mambo ya bandari." Uongo mtupu. Kofia ile ya mshikaji, na mimi naokoteza vibarua na hizi makala. Kumbe picha ikavuka wilaya hadi Mugumu. Jamaa kauza mbuzi wawili, kapata nauli.

Ningemwambiaje? Nikamzuga kwa matembezi. Tukapanda pantoni pale Kivukoni hadi Kigamboni, tukakaa ufukweni na muhogo wa kuchoma. Akanyoosha kidole baharini: "Kaka, ule mnara kisiwani ni wa mtandao gani?"

Nilicheka mpaka pilipili ikanipalia. Nikamwambia ule si wa simu, ni mnara wa taa wa Makatumbe. Visiwa viwili vidogo vya mawe ya matumbawe, Makatumbe ya Nje na ya Ndani, nje kidogo ya mlango wa bandari. Tangu 2007 ni maeneo tengefu ya bahari, pamoja na Sinda na Kendwa. Mnara uko Makatumbe ya Nje. Mlango wa bandari yetu ni mwembamba na una kona, na kandokando kuna miamba. Meli ikija usiku, nahodha anaitafuta taa. Kila taa ina mpigo wake wa kuwaka na kuzima, ndiyo maana haifanani na ya jirani.

Binamu akatafuna, akafikiri. Akasema Shirati alishaona karabai za wavuvi wa dagaa, ziwa linawaka kama mji. "Lakini zile zinahama. Ukizifuata, zinakupeleka kwenye dagaa, siyo nyumbani." Kisha akauliza: "Hii ikiwashwa mahali siyo pake, meli si itapanda mwamba?"

Itapanda, mura. Muhogo ukanikwama.

Palepale nikamwaga yote: kofia, mshikaji, vibarua. Alinyamaza muda mrefu. Nilitegemea ngumi, maana sisi watu wa Mara mnatujua. Akasema tu: "Ungeniambia, ningekuja na mbuzi wangu mfukoni."

Jamani, sisi tuliotangulia mjini ndio mnara wa wale waliobaki. Watu wanauza mifugo kwa kufuata picha zetu. Mnara wa taa haumwambii nahodha kwamba njia ni laini. Unamwambia: hapa pana mwamba, pitia kule. Na sisi tuseme hivyohivyo: chumba kodi yake hii, kazi zake hizi, usiku mwingine tunalala na chai kavu.

Usiku ule nilituma picha mpya Tarime: mimi, binamu na sufuria ya ugali kwenye chumba kimoja. Chini nikaandika ukweli. Mama akajibu: "Sasa nimekuona, mwanangu."

Binamu yupo, anatafuta kibarua kama mimi. Yule kuku tulishamla. Tukutane wiki ijayo!