Atatoka, na Atarudi Katoro

KANDA YA ZIWA WIKI HII
Na Kabula Mihayo

Kila kesi ya unyang'anyi wa kutumia silaha inapoisha kwa mshtakiwa kula mvua thelathini, vijiwe vya kahawa vya Kahama na Geita hupumua. "Akaozee huko!" Sina ugomvi na hasira hiyo. Mtu aliyewekewa panga shingoni saa nane za usiku kwa ajili ya dhahabu kiduchu aliyoihangaikia wiki mbili hawezi kuombwa amwonee huruma mwizi wake.

Ugomvi wangu uko kwenye hesabu. Wengi wanaopanda karandinga kutoka ukanda huu hawaendi kukaa miaka thelathini. Ni wa miezi sita, mwaka, miaka mitatu: wameingia eneo la mgodi bila ruhusa, wameiba dizeli, wamevunja duka, wamekutwa na mawe yasiyo yao. Hao watatoka. Na wakitoka watarudi Katoro, Nyarugusu, Kakola na Mwakitolyo, ambako ndiko tunakoishi na sisi.

Ndiyo maana ule mjadala wa kama gereza ni la kuadhibu au la kurekebisha, mtamu sana kwenye makongamano ya Dodoma, huku kwetu naupokea kwa masikio mengine. Ukali tumeshaujaribu. Tuna kumbukumbu zake.

Tuanze na fimbo. Mwaka 1963 Bunge lilipitisha Sheria ya Viwango vya Chini vya Adhabu. Aliyetiwa hatiani kwa makosa yaliyoorodheshwa, wizi wa mifugo ukiwamo, alifungwa si chini ya miaka miwili na kuongezewa viboko 24: kumi na viwili siku ya kuingia, kumi na viwili siku ya kutoka. Mwalimu Nyerere alikuwa akieleza kwamba hivyo vya mwisho ni vya kwenda kumwonyesha mke nyumbani. Viboko viliondolewa mwaka 1972. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, vita vya Kagera vikiwa vimeacha silaha mikononi mwa watu, wizi wa ng'ombe na ujambazi ulizidi hadi wanavijiji wa upande wa Kahama na Nzega wakaamua kujilinda wenyewe kwa pinde na mishale. Hao ndio Sungusungu. Msomaji mkali atanidaka hapo hapo: unaona, fimbo iliondoka, ng'ombe wakaibwa! Haya. Fimbo ilirudishwa mwaka 1989. Nenda mnada wowote wa ng'ombe Usukumani ukawaulize wazee kama tangu mwaka huo walilala usingizi.

Kati ya fimbo hizo mbili kuna jambo zito zaidi, na lilitokea huku huku kwetu. Mwaka 1976, katika msako wa watu waliokuwa wakiua wenzao kwa tuhuma za uchawi Mwanza na Shinyanga, watuhumiwa waliteswa mikononi mwa vyombo vya dola, na baadhi wakafa. Januari 1977 Ali Hassan Mwinyi, Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu kwa jambo ambalo hakulifanya kwa mkono wake. Taifa linamkumbuka kwa uungwana huo, na ni haki yake. Lakini sisi wa huku tuna la kuongeza: mateso yale hayakuwaokoa vikongwe. Bibi aliyepika kwenye moshi maisha yake yote aliendelea kuponzwa na macho mekundu na kuitwa mchawi, miaka na miaka baada ya waziri kuondoka.

Njoo karibu zaidi. Julai 2018, akimwapisha Kamishna Jenerali wa Magereza Phaustine Kasike, Rais John Magufuli alisema wafungwa wafanye kazi usiku na mchana, na mvivu apigwe mateke. Alishangiliwa sana. Mwaka mmoja baadaye, Julai 2019, Rais huyo huyo aliingia gereza la Butimba pale Mwanza, akawasikiliza waliomo. Walimweleza habari za kesi zisizosonga na za kubambikiwa. Desemba 9 mwaka huo, kwenye sherehe za Uhuru uwanja wa CCM Kirumba, alisamehe wafungwa 5,533. Simcheki marehemu. Nasema tu kwamba hata kiongozi aliyependa ukali kuliko wote, alipofika mlangoni na kuangalia ndani, alichokiona cha kufanya kilikuwa kufungua.

Na nani hasa yumo ndani? Kwa miaka mingi karibu nusu ya watu waliojaa kwenye magereza yetu wamekuwa mahabusu, watu ambao hakuna hakimu aliyewatia hatiani. Hao huwezi kuwarekebisha, maana hujui kama wameharibika. Na kuwaadhibu ni dhuluma. Mjadala wetu mzuri wa falsafa unawaacha wote hao nje, wao wakiwa ndani.

Sasa tuwaangalie waliohukumiwa. Utawaona asubuhi kando ya barabara: safu ya sare za rangi ya chungwa, majembe mabegani, askari mmoja na bunduki mwisho wa mstari. Jembe si kitu kibaya, na watu lazima wale. Lakini mfuate mmoja wao siku anayotoka. Kijana wa Katoro amelima shamba la gereza miaka mitatu. Katoro kwenyewe hana hata robo eka. Anashuka stendi na kiroba mkononi. Simu hana, kitambulisho hajui kilibaki kituo gani cha polisi, mke ameshaolewa Runzewe. Watakaompokea bila maswali ni wale wa duarani, kwenye mashimo ya dhahabu. Watampa kazi ya kuvuta kamba usiku na kubeba viroba vya mawe hadi kwenye karasha, mashine ya kusagia, malipo yake fungu la mawe. Mawe yakisagwa, unga unapitishwa na maji juu ya zulia lililotandikwa mwaloni, pale pa kuchenjulia, zulia linakung'utiwa kwenye beseni, zebaki inamiminwa, na mikono mitupu inaanza kukanda. Kile kidonge kinachopatikana kinachomwa juu ya jiko la mkaa, na mvuke wake unaingia kifuani mwake na kifuani mwa mtoto anayeuza maandazi hatua tatu kutoka hapo. Mawe yasipotoa kitu, na mara nyingi hayatoi, yuko mtu pembeni mwenye wazo la duka la nani lina mlango dhaifu.

Gereza lilikuwa naye miaka mitatu. Miaka mitatu ya kijana aliyelala palepale, aliyeamshwa saa ileile, asiyekunywa gongo, asiyekosa darasa hata akitaka. Chuo cha ufundi stadi cha VETA kingeipata wapi nafasi kama hiyo?

Hapa mkoani Geita kuna vituo viwili vya mfano vya STAMICO, shirika la madini la taifa, Lwamgasa na Katente, vinavyofundisha wachimbaji wadogo kuchimba na kuchenjua kwa njia bora. Mfungwa aliyebakiza miezi sita, mwenye kosa dogo na tabia njema, angepelekwa pale kujifunza kufunga matimba ya kushikilia shimo yasiyoanguka, kutengeneza pampu, kuchomelea vyuma. Karasha zote hizi zinazotupigia kelele usiku zinaundwa na mafundi wa kuchomelea wa hapa hapa, na hawatoshi. Najua nitakachoambiwa: kumpeleka mwizi kwenye dhahabu ni kumpa fisi bucha. Lakini fisi huyu atakwenda buchani kwa vyovyote, maana ndipo kwao. Tofauti ni kama atakwenda na cheti au na mtarimbo.

Mwaka 2019 ulitufundisha jambo ambalo naona tumelisahau haraka. Utoroshaji wa dhahabu ulikuwa umepigiwa kelele miaka mingi, watu wakikamatwa na kushtakiwa kwa uhujumu uchumi. Kisha Serikali ikafuta kwa wachimbaji wadogo kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 na ile ya zuio ya asilimia 5, na soko la dhahabu likafunguliwa Geita mwezi Machi. Dhahabu iliyokuwa ikipita vichakani ikaanza kupita mezani. Watu waliokuwa wahalifu Jumatatu wakawa wateja wa Serikali Jumanne, bila kujenga selo hata moja.

Mwaka huo huo, Septemba, watuhumiwa wa uhujumu uchumi walipewa muda wa kukiri na kurejesha fedha ili waachiwe. Walijitokeza 467, wakiwa tayari kurudisha zaidi ya shilingi bilioni 107. Ubishi ulikuwa mkubwa, na waliosema kwamba mahabusu aliyechoka anaweza kukiri hata asilolifanya walikuwa na hoja. Mimi nilibaki na swali moja dogo. Kumbe mlango huo upo: ukirudisha ulichochukua, unakwenda nyumbani. Mbona mbeba viroba wa Kakola hafunguliwi? Sheria ya Huduma kwa Jamii ipo tangu mwaka 2002, kwa makosa yenye kifungo kisichozidi miaka mitatu. Mtu anaweza kufagia soko, kuchimba msingi wa zahanati, jioni akalala kwake. Mahakimu wetu wengi bado mkono wao unakimbilia hati ya kifungo.

Kule Mwadui wanaoingia mgodini kusaka almasi wanaitwa wabeshi. Kosa lao kisheria ni kuingia kwa jinai. Mwaka 2021 kampuni ya Petra Diamonds, iliyokuwa na mgodi huo, ilikubali malipo ya pauni milioni 4.3 kumaliza madai ya watu 71, baadhi wakilalamikia kupigwa risasi, vipigo na kushikiliwa na walinzi, ingawa haikukiri kuwajibika. Wengine wao hawakufika hata gerezani. Adhabu ilitangulia hukumu.

Sasa nifike kwa wale ambao msomaji ananisubiri nao. Septemba 2009 Mahakama Kuu iliyoketi Kahama iliwahukumu kunyongwa watu watatu waliomuua mtoto mwenye ualbino wa Bukombe. Ilikuwa hukumu ya kwanza ya aina yake nchini. Hao siwaombei huduma kwa jamii. Wakae ndani, miaka mingi, na yeyote asiniambie kwamba kozi ya useremala ndiyo jibu la jambo lile. Ila kamba yenyewe haijavutwa tangu katikati ya miaka ya 1990, na Novemba 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, ilisema kumlazimisha jaji atoe adhabu ya kifo bila hiari kunakiuka haki ya kuishi. Kinachonikera zaidi ni kwamba mikono iliyokata imefika kizimbani, na mikono iliyolipa fedha ni nadra kuiona. Mnunuzi wa viungo haogopi kamba ya gereza la Isanga. Angeogopa mpelelezi.

Uganda walikuwa na Susan Kigula, aliyehukumiwa kifo kwa mauaji ya mwenzi wake. Kesi iliyobeba jina lake iliamuliwa mwaka 2009 na kuondoa ulazima wa adhabu hiyo. Alisoma sheria akiwa gereza la Luzira, akatoka mwaka 2016. Si kila mfungwa ni Kigula. Lakini kama Luzira iliweza kumsomesha sheria mtu aliyewahi kusubiri kitanzi, sisi tunashindwaje kumpa mwizi wa dizeli cheti cha uchomeleaji?

Limebaki la aliyeibiwa. Hapa Sungusungu, pamoja na ukatili wao ambao siutetei, na wanawake waliofukuzwa vijijini kwa kuitwa wachawi, walikuwa na akili moja ambayo gereza halina. Mwenye kosa alitozwa faini, akatengwa, na akilipa alirudishwa kundini mbele ya kila mtu. Aliyeibiwa aliona kitu. Leo mwenye duka wa Nyarugusu anasafiri mara nne kutoa ushahidi, anafunga duka lake siku hizo zote, mwizi anafungwa, na yeye anarudi nyumbani mikono mitupu, kisha kodi yake inanunua maharage ya yule aliyemwibia. Halafu tunashangaa anaposema waozee huko.

Kwa hiyo kazi ya mfungwa ilipwe, hata kidogo, na sehemu ya malipo iende kwa aliyedhulumiwa, sehemu iwekwe mpaka siku ya kutoka, ili stendi ya Katoro asishuke na kiroba kitupu. Fedha zitatoka wapi? Kila mwaka migodi mikubwa hukaa na halmashauri kupanga matumizi ya fedha za uwajibikaji kwa jamii, na kila mwaka tunasoma orodha ya madarasa na zahanati. Madiwani wa Geita na Msalala wanaweza kuongeza hapo karakana moja ya kuchomelea ndani ya uzio wa gereza, na mwalimu mmoja wa VETA. Kikao kijacho cha bajeti nitakwenda kukaa viti vya nyuma, nione kama kuna diwani atakayenyoosha mkono.