WAZIRI MKUU NI MKUU WA NINI? VIJANA WA RUNGWE TUULIZE BILA KUPEPESA MACHO



Ziara ya Waziri Mkuu mikoani tunaijua wote. Msafara unaingia, mkulima ananyanyua bango la boksi: barabara imekatika, mbolea imechelewa, zahanati haina dawa. Waziri Mkuu anamwita mkurugenzi, anamfokea mbele ya umati, anampa siku saba. Tunapiga vigelegele. Msafara ukishavuka Kiwira, tope linabaki na sisi.

Leo tuache vigelegele, tufungue Katiba.

Ibara ya 33 inasema Rais ni Mkuu wa Nchi, Kiongozi wa Serikali na Amiri Jeshi Mkuu. Rudia kusoma: Kiongozi wa Serikali ni Rais. Ibara ya 52 inampa Waziri Mkuu usimamizi wa kazi za Serikali za kila siku, halafu hapo hapo inamtaka atekeleze jambo lolote ambalo Rais ataagiza. Ibara ya 53 inamaliza kazi: anawajibika kwa Rais. Na ibara ya 37 inasema Rais halazimiki kufuata ushauri wa mtu yeyote, isipokuwa pale Katiba au sheria inapomtaka afanye hivyo.

Kwa lugha ya kijiweni, huyo ni nyapara. Anasimamia shamba, lakini cha kupanda hapangi yeye.

Unataka ushahidi? Angalia miaka kumi ya Kassim Majaliwa, 2015 hadi 2025. Mwaka 2016 mikutano ya hadhara ya vyama ikazuiwa. Januari 2023 ikaruhusiwa. Binti aliyepata mimba alifungiwa mlango wa shule. Novemba 2021 akaruhusiwa kurudi. Sera ziligeuzwa kama chapati, Waziri Mkuu akabaki yule yule. Kama yeye ndiye alikuwa anaongoza Serikali, aliamini ipi kati ya hizo mbili? Hakuna aliyemuuliza, kwa sababu kila mtu alijua uamuzi si wake. Kilichobadilika ni Rais, basi.

Sasa tuambiwe, kiti hiki kina kazi gani? Kina kazi moja kubwa: kupokea lawama.

Februari 2008, Kamati Teule ya Bunge chini ya Harrison Mwakyembe, wakati huo mbunge wa jirani zetu wa Kyela, ilisoma ripoti ya Richmond. Edward Lowassa akajiuzulu. Kwa mujibu wa Katiba, Waziri Mkuu akitoka, Baraza zima la Mawaziri linatoka naye. Nyumba nzima ikahama, mwenye nyumba akabaki ndani, akaita wapangaji wapya.

Aprili 2012, Zitto Kabwe akakusanya saini za wabunge, wakiwemo wa CCM, ili Mizengo Pinda apigiwe kura ya kutokuwa na imani. Ibara ya 53A inataka saini za asilimia 20 ya wabunge wote, na taarifa ya siku 14. Saini zilipatikana. Spika Anne Makinda akasema muda wa taarifa haujatimia. Mwezi Mei Rais Kikwete akawatupa nje mawaziri sita, hasira zikapoa, hoja ikafa. Bunge lilinyoosha mkono kumfikia nyapara, mwenye shamba akamtolea vibarua sita.

Na kumpata Waziri Mkuu je? Jina linaletwa Bungeni ndani ya bahasha na mpambe wa Rais. Wabunge wanalisikia likisomwa, wanapiga meza, wanapiga kura siku hiyo hiyo. Mwenyekiti wa kijiji kule kwetu anahojiwa kuliko hivyo!

Najua majibu yenu. La kwanza: "Mbona Sokoine alichapa kazi?" Alichapa, na wazee wetu wanamkumbuka kwa haki. Lakini alifanya hivyo kwa sababu Mwalimu alimruhusu. Alipofariki Dakawa, Aprili 12, 1984, kiti kilibaki na mamlaka yale yale, Sokoine mwingine hatujamwona. Nchi haiwezi kutegemea bahati ya kupata mtu mwema.

La pili: "Huyo Lowassa si ndiye upinzani ulimsimamisha urais 2015?" Ndiyo, alisimama. Hapa hatujadili mtu. Hata ukikaa wewe kwenye kiti hicho, ibara ya 53 itakukuta pale pale.

Tuangalie majirani. Kongo, Katiba yao inamtaja Waziri Mkuu kuwa kiongozi wa Serikali, na Januari 2021 wabunge walimwondoa Sylvestre Ilunga kwa kura. Kenya walipitisha Katiba ya 2010, wakafuta uwaziri mkuu na kuwatoa mawaziri Bungeni. Rais anabeba mzigo wake mwenyewe. Njia mbili tofauti, lakini kila moja inaonyesha wa kuulizwa ni nani.

Sisi tumekaa katikati. Na kiti hiki si msahafu: kilifutwa Tanganyika ilipokuwa Jamhuri Desemba 1962, kikarudishwa 1972 akakalishwa Kawawa. Mara zote mbili hakuna mkulima wa chai wa Rungwe aliyeulizwa.

Kwa hiyo, CCM chagueni moja. Ama Waziri Mkuu awe kiongozi wa Serikali kweli, atokane na Bunge na awajibike kwa Bunge. Ama kiti kifutwe, na Rais mwenyewe aje Dodoma kila Alhamisi kujibu maswali ya papo kwa papo. Mwenye madaraka ndiye ajibu. Hilo linahitaji Katiba mpya, na Jaji Warioba, aliyekikalia kiti hicho 1985 hadi 1990, alishaongoza Tume ikazunguka nchi nzima kukusanya maoni yetu. Mkayaweka kabatini.

Kamanda, kazi yako wiki hii ni ndogo. Chukua ibara ya 33, 37, 52 na 53, zisome kwa sauti kijiweni, kwenye bodaboda, hata baada ya ibada. Na siku msafara ukirudi Tukuyu, bango lako lisiandikwe "Tunaomba barabara". Andika: "NANI ANAAMUA? AJE YEYE."

Katiba mpya ni sasa!