Mji ukifika mlangoni, banda la ng'ombe linakuwa la nani? Hali ya mashamba ya Tunduma

Wadau, leo tuache kidogo foleni ya malori pale mpakani. Tuongelee kitu ambacho wengi tunakiona kila siku ila hatukijadili: lile banda la ng'ombe au nguruwe nyuma ya nyumba ya mzee, na kipande cha shamba kinacholizunguka.

Kwanza tuangalie namba. Sensa ya 2012 iliikuta Tunduma na watu kama 97,000. Sensa ya 2022 ikakuta zaidi ya 219,000. Yaani ndani ya miaka 10 mji umezidi mara mbili! Katikati hapo, Januari 2016 mkoa wa Songwe ukamegwa kutoka Mbeya, na Oktoba 2019 Marais Magufuli na Lungu wakazindua kituo cha huduma za pamoja mpakani na Nakonde. Watu wanakuja kutafuta maisha, viwanja vinapanda bei, na mji unatembea kuelekea Mpemba na Chapwa. Unatembea juu ya mashamba ya watu.

Sasa chukulia wewe ndiye mrithi. Baba aliacha nusu eka na banda la ng'ombe wanne. Ng'ombe mmeshauza, na wewe kijana unataka kugeuza eneo lile kuwa bustani ya mboga na kuku wa mayai, maana wateja wapo kibao, madereva na wapika chakula. Jirani anakwambia, "Dogo, hapa ni mjini sasa, kulima marufuku, bora uuze tu." Na mnunuzi yupo tayari pembeni na bei ya kutupa. Hapo ndipo vijana wengi tunaliwa.

Je, ni kweli kulima na kufuga mjini ni marufuku? Hapana. Serikali yenyewe ndiyo iliyotuzoesha. Azimio la Iringa la 1972, Siasa ni Kilimo, lilihimiza kila mtu alime. Miaka ya 80 mshahara ulipokuwa haufiki hata katikati ya mwezi, maofisa wakubwa nao walifuga ng'ombe uani. Halafu zikaja Kanuni za Kilimo Mjini za 1992, chini ya sheria ya zamani ya mipango miji. Hazikufuta kilimo, ziliweka mipaka: mtu mmoja asizidi eka tatu, ng'ombe wasizidi wanne, na wafugwe ndani, sio kuzurura barabarani. Sera ya Taifa ya Maendeleo ya Makazi ya 2000 nayo ilitambua kilimo cha mjini na kutaka kitengewe maeneo.

Sheria mama ikabadilika, ikaja Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya 2007. Hii ndiyo unatakiwa kuielewa. Kwa lugha ya kijiweni inasema hivi: ndani ya eneo lililotangazwa kuwa la mipango miji, huwezi kuendeleza ardhi bila kibali cha mamlaka ya mipango, na kubadilisha matumizi kwa kiasi kikubwa nako ni kuendeleza. Kwa hiyo swali sio "banda lipo au halipo". Swali ni: mchoro wa mipango miji unaliitaje eneo lako? Kama mchoro na hati vinasema makazi, bustani ndogo ya nyumbani ni jambo moja, ila banda la kuku mia kadhaa la biashara ni jambo jingine. Hilo linahitaji uombe. Na kuwa na banda tangu enzi za kijiji hakukupi kibali cha moja kwa moja cha kuanzisha mradi mpya ndani yake.

Mbali na ardhi kuna suala la kero. Hata ukiwa na kibali, harufu, inzi na maji machafu yakimfikia jirani, Sheria ya Afya ya Jamii ya 2009 na sheria ndogo za halmashauri zinakuhusu. Na tuseme ukweli jamani, Tunduma tunajua shida ya maji ilivyo. Anayetiririsha mkojo wa nguruwe kuelekea kisima cha watu hawezi kujificha nyuma ya neno "ujasiriamali". Jirani naye ana haki zake.

Lakini kuna hatari kubwa zaidi ya kukosa kibali. Mwaka 1990 Mahakama ya Rufani iliamua kesi ya Mwalimu Omari dhidi ya Omari Bilali. Mahakama ilisema eneo likishatangazwa kuwa mji, likapimwa na kukatwa viwanja, aliyekuwa akilikalia kimila anatakiwa awahi kuomba hakimiliki. Akilala, kiwanja akapewa mwingine, kisheria yeye anahesabika mvamizi na itabidi ahame, ingawa anastahili fidia. Soma tena hapo: mvamizi kwenye shamba la baba yako! Ni kweli Sheria ya Ardhi ya 1999 ilikuja baadaye na kusisitiza fidia kamili, ya haki na ya haraka, ila somo la kesi ile halijazeeka. Bikoni zikishapandwa, kukaa kimya ni gharama.

Kwa upande wa halmashauri, kuna hoja ya kuwauliza. Mji unaokua kwa kasi hii utakula nini? Kuchora kila inchi kuwa makazi na biashara halafu kuwafukuza wenye mabanda sio mipango, ni kuhamisha tatizo. Mabonde na maeneo ya pembezoni yanaweza kutengwa rasmi kwa mboga na mifugo, yakawa na maji na utaratibu wa samadi, na kijana akajua kabisa hapa naruhusiwa, pale siruhusiwi. Sheria inaipa halmashauri uwezo huo. Madiwani wetu wabanwe kwenye hili kabla mchoro haujakauka wino.

Na wewe kijana, kabla hujauza wala hujanunua vifaranga, fanya haya. Nenda kwa mwenyekiti wa mtaa uulize kama eneo limeshatangazwa na kupimwa. Nenda kwa afisa mipango miji uombe kuona mchoro, uone eneo lako limepakwa rangi gani. Uliza sheria ndogo ya mifugo, na uombe kuiona kwenye karatasi, sio ya mdomo. Kama hamna hati, ukoo ukae kikao, mirathi iwekwe sawa, halafu muombe. Na kama mtu amekuja na kalamu ya uthamini, banda na mazao pia vihesabiwe, sio nyumba peke yake.

Ukisikia tena "mjini hakulimwi", muulize aliyesema: kanuni ipi, ya mwaka gani? Mara nyingi utakuta anayesema ndiye anayetaka kununua.

Haya wadau, wa Sogea, wa Majengo, wa Mpemba, hata mlioko Vwawa na Nakonde, kwenu mambo yakoje? Uwanja ni wenu.