Kompyuta inisaliti tu, bora nione sababu

Sisi tunaocheza gemu za historia tuna wimbo mmoja: kompyuta ni mbumbumbu. Haijui kupanga jeshi, inatuma meli moja moja zikazame, inazingira mji miaka nenda miaka rudi. Sawa, lakini hiyo ni shida ndogo. Adui asiyejua kupigana unamwongezea askari na gemu inaendelea. Adui asiyejua diplomasia hana dawa, na hapo ndipo gemu nyingi zinachoma.

Chukua Civilization V ya mwaka 2010. Umeishi na jirani vizuri tangu enzi za mikuki. Mnauziana hariri, mmepigana vita upande mmoja. Zamu inayofuata, huyo, amejaa mpakani na jeshi. Ndani ya programu, kiongozi wa kompyuta anaruhusiwa kujifanya beshte huku anapanga kukuvamia. Wazo si baya, hata binadamu hufanya hivyo. Ila ukirudi nyuma kutafuta dalili, mara nyingi huzipati. Unabaki kukodolea skrini macho tu.

Nafikiri ndiyo maana hadithi ya Gandhi ilienea vile. Unaijua: katika Civilization ya kwanza, ya 1991, eti Gandhi alipewa alama 1 ya uchokozi. Akiingia demokrasia anapunguziwa 2, hesabu inajizungusha hadi 255, na mzee wa amani anaanza kumwaga nyuklia. Tamu sana. Sid Meier mwenyewe, kwenye kitabu chake cha 2020, alisema hitilafu hiyo haikuwepo. Lakini watu waliimeza miaka mingi kwa sababu angalau ilikuwa maelezo. Gemu isipokupa sababu, unajitungia.

Civilization VI, 2016, ilijaribu kurekebisha. Kila kiongozi ana kitu anachopenda na kinachomuudhi. Harald Hardrada wa Norway anapenda wenye meli nyingi za kivita. Poa. Sasa miji yako yote iko katikati ya jangwa, bahari hujawahi kuiona, na Harald anakuja kukusuta kwamba huna meli. Buda, zielee wapi?

Kwangu mimi, waliokaribia kabisa ni Paradox wa Uswidi na Europa Universalis IV. Anza 1444 ukiwa Kilwa. Ndiyo, Kilwa hii hii ya pwani ya Tanzania. Malindi na Mombasa pia wako kwenye ramani. Unataka muungano na jirani? Kabla hata hujatuma balozi, gemu inakufungulia hesabu: anakupenda kiasi gani, jeshi lako ni dogo kiasi gani kwake, mko mbali kiasi gani, anamezea mate ardhi yako au la. Jumla ikikosa kuvuka sifuri, jibu ni hapana, na unaona ni wapi pa kurekebisha. Balozi anaenda kukaa kule miaka kadhaa akilainisha mambo.

Na ukiwa mlafi? Kila ardhi unayonyakua inawatia majirani hofu, hasa wa dini na utamaduni mmoja na uliyemnyang'anya. Hofu hiyo hupungua polepole, mwaka kwa mwaka. Ukishindwa kungoja, wanafunga muungano dhidi yako, na ukimgusa mmoja wanakuja wote. Nilisomea uhusiano wa kimataifa mihula mitatu kabla karo haijaisha, na hakuna mhadhara ulionieleza mizani ya nguvu wazi hivyo.

Beshte yangu anasema hiyo si diplomasia, ni kikokotoo: mwage zawadi hadi namba zitoshe. Ana pointi. Lakini mshirika wako huyo akiwa amezama kwenye madeni, anaweza kukataa kuja vitani hata kama anakupenda. Ana shida zake. Wakenya tulioona handshake ya Machi 2018 tunajua kwamba maadui wakikumbatiana ghafla, kuna hesabu mahali, hata kama hatukuonyeshwa.

Sasa kilio kipya ni kompyuta inayoongea. Mwaka 2022 Meta walitoa Cicero, programu ya kucheza Diplomacy, mchezo wa ubaoni wa 1959 ambapo mataifa 7 ya Ulaya yanaahidiana na kugeukana. Ilicheza mechi 40 mtandaoni na binadamu, wakiandikiana jumbe, ikaingia asilimia 10 ya juu kati ya waliocheza zaidi ya mechi moja. Waliounda walisema wameifunza iwe mkweli kwa kiasi kikubwa. Watafiti wengine baadaye wakaonyesha mahali ilipodanganya.

Idanganye tu, sina noma. Ninachohofia ni studio kuchukua huo mdomo na kuacha hesabu. Harald atakuja kunisuta kwa Kiswahili sanifu, na bado hatakuwa ameangalia ramani.