Posa Imekwama, Eti Ukoo Una Mwizi!

Wiki hii nakuletea kasheshe ya hapahapa Lumemo, Ifakara.

Mshikaji wangu mmoja kapeleka posa. Jamaa anaendesha bodaboda, msimu ukifika analima mpunga, na hana kesi hata ya kuku. Mshenga karudishwa na barua yake mkononi! Sababu? Marehemu baba wa jamaa aliwahi kufungwa Kiberege kwa wizi. "Mtoto wa nyoka ni nyoka," mzee wa binti kasema, maneno yakaishia hapo.

Sasa tuulizane: wizi unarithiwa kama pua?

Wataalamu hawasemi damu haina kazi. Kule Dunedin, New Zealand, walifuatilia watoto waliozaliwa mwaka 1972 na 1973 mpaka wakawa watu wazima. Mwaka 2002 wakaeleza kwamba wapo wavulana waliozaliwa na aina fulani ya jeni iitwayo MAOA. Wale walioteswa utotoni ndio waliokuwa wepesi zaidi kuingia kwenye ukorofi na ukatili. Wenzao wenye jeni ileile waliolelewa vizuri hawakuwa hivyo. Sisi watu wa mpunga tunaelewa: mbegu peke yake haijazi gunia.

Tena tuwe macho na hii hadithi ya damu. Miaka ya 1930 Dk. H.L. Gordon wa Hospitali ya Mathari, Nairobi, aliwapima vijana waliofungwa Kabete kwa makosa yao, akadai Waafrika wengi wamezaliwa na akili pungufu. Hapo hakuutaja ukoo wa mshikaji wangu peke yake. Sote tulikuwemo, na baba mkwe pia!

Dada yangu unayechumbiwa, kuchunguza ukoo ni mila yetu, sikukatazi. Ila uliza na yanayomhusu jamaa mwenyewe. Anapiga wanawake? Akikopa analipa? Hela yake inatoka wapi? Ukipata majibu mabaya, mwache kwa makosa yake. Kosa la baba lilishalipwa Kiberege.

Maana kijana ukimfungia kila mlango kwa sababu ya jina la baba, iko siku atapitia dirishani. Halafu wazee watatikisa vichwa: "Si tulisema?"