Nge majumbani Urambo: Kuni za tumbaku, watoto na saa za kwanza

Mvua za kwanza zinapoanza kunyesha wilayani Urambo, mkoani Tabora, kwa kawaida mwezi Novemba, kumbikumbi huruka kwa makundi, mende na nyenje hutoka mafichoni, na nge huwafuata. Mashimo aliyokaa kiangazi kizima hujaa maji na magogo hulowa. Naye hutafuta mahali pakavu penye windo, na mahali pa karibu zaidi huwa ni nyumba ya mtu.

Wakazi wa ukanda huu wa miombo wanamfahamu nge kwa vizazi vingi. Alikuwepo misafara ya pwani ilipopita Unyanyembe kuelekea Ujiji, na alikuwepo Mtemi Mirambo alipotawala nchi hii hadi alipofariki mwaka 1884. Mazoea hayo ya muda mrefu yamezaa hali ya kulichukulia jambo lenyewe kuwa la kawaida: mtu mzima akidungwa hulia usiku mmoja, asubuhi akaenda shambani. Kwa mtu mzima mwenye afya njema, mara nyingi ndivyo inavyokuwa. Kwa mtoto wa miaka miwili mambo yanaweza kuwa tofauti kabisa, na tofauti hiyo ndiyo inayolifanya suala la nge kuwa suala la afya ya jamii.

Sababu ni ya kimaumbile. Kiasi cha sumu anachoingiza nge ni kilekile, awe amemdunga mkulima wa kilo 70 au mtoto wa kilo 10. Mwilini mwa mtoto, kiasi hicho husambaa katika damu iliyo kidogo na kugusa moyo na mapafu ambayo bado ni machanga. Katika nchi ambako nge wenye sumu kali ni wengi, kama Meksiko na zile za Afrika ya Kaskazini, sehemu kubwa ya wanaopoteza maisha huwa ni watoto. Makadirio ya wataalamu yaliyochapishwa mwaka 2008 yaliweka idadi ya watu wanaoumwa na nge duniani kuwa zaidi ya milioni moja kila mwaka, na vifo kuwa zaidi ya 3,000.

Si kila nge ni wa kuogopwa kwa kiwango kimoja. Duniani zipo aina zaidi ya 2,000, na zile zinazoweza kuua binadamu ni chache, takriban zote zikiwa za familia moja inayoitwa Buthidae. Katika Afrika ya Mashariki ipo kanuni ya macho ambayo, ingawa haitoshi kumwondolea mtu tahadhari, husaidia kutofautisha. Nge mkubwa mweusi mwenye magando mapana na mkia mwembamba, wa kundi la Pandinus, hutisha kwa umbo, lakini silaha yake kubwa ni magando, na sumu yake kwa kawaida huishia kwenye maumivu na uvimbe. Mdogo wa rangi ya kahawia au manjano, mwenye magando membamba na mkia mnene, ndiye wa kutiliwa shaka zaidi. Kwa bahati mbaya huyo ndiye watu wanayemdharau, kwa kuwa ni mdogo.

Miongoni mwa hao wadogo wapo wanaopenda kujibanza chini ya magome ya miti. Hapo ndipo hali ya Urambo inapopata sura yake yenyewe, kwa sababu Urambo ni nchi ya kuni.

Wilaya hii ilikuwa moja ya maeneo matatu, pamoja na Kongwa na Nachingwea, yaliyofyekwa kwa ajili ya mradi mkubwa wa karanga wa serikali ya kikoloni ya Uingereza ulioanza mwaka 1947 na kuvunjika miaka michache baadaye. Karanga zilishindwa, na tumbaku ikachukua nafasi yake. Tangu hapo tumbaku ya mvuke imekuwa uti wa mgongo wa uchumi wa Urambo. Tumbaku hiyo hukaushwa ndani ya bani kwa joto la moto unaowaka siku kadhaa mfululizo, na moto huo ni wa kuni. Mkulima hukata au kukusanya kuni zake wakati wa kiangazi, akazipanga karibu na bani, na katika kaya nyingi bani liko hatua chache tu kutoka nyumba ya kulala.

Kwa hiyo mvua inapoanza, kila kaya ya mkulima huwa tayari ina rundo kubwa la magogo yenye magome, lililokaa miezi kadhaa bila kuguswa, lenye mende na mchwa ndani yake. Kwa nge hayo ni makazi na chakula kwa pamoja. Ukaushaji unapoanza baada ya mwaka mpya, rundo hilo hufumuliwa gogo baada ya gogo, aghalabu usiku, kwa kuwa moto wa bani haulali. Wanaobeba kuni ni mikono mitupu ya vijana, akina mama na vibarua wa msimu, wengi wao wakitoka mkoani Kigoma. Vibarua hao mara nyingi hulala na familia zao katika vibanda vya nyasi vilivyojengwa kwa muda kandokando ya mashamba, juu ya sakafu ya udongo. Kama upo mpangilio wa makazi unaomkaribisha nge kuliko huo, si rahisi kuufikiria.

Katika muktadha huu, hatua kadhaa ambazo Serikali imezitangaza katika miaka ya karibuni zinastahili kusomwa upya, ingawa hakuna hata moja iliyotungwa kwa ajili ya nge.

Ya kwanza ni Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Mei 2024, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo mwaka 2034. Mjadala wake umejikita, kwa haki, kwenye moshi unaodhuru mapafu ya akina mama na kwenye misitu inayoteketea. Kaya inayopikia gesi au umeme hupata pia faida isiyotajwa: haihitaji tena kulundika kuni kwenye kona ya jiko ambako mtoto anatambaa. Hata hivyo mkakati huo unahusu jiko, na rundo kubwa zaidi la kuni katika kaya ya Urambo ni la bani. Hilo litapungua tu kwa kadiri mabani ya kisasa yanayotumia kuni chache yatakavyoenea. Mpaka wakati huo, kusogeza rundo mbali na mlango ni kazi isiyohitaji bajeti ya mtu yeyote.

Ya pili, na pengine yenye uzito zaidi, ni Mpango Jumuishi wa Wahudumu wa Afya Ngazi ya Jamii uliozinduliwa Januari 2024, ambao umelenga kuwa na wahudumu 137,294 nchini kote waliopewa mafunzo, wakifanya kazi katika vitongoji na mitaa yao. Uzito wake kwa suala hili unatokana na saa. Dalili za hatari kwa mtoto aliyeumwa na nge hujitokeza mapema, mara nyingi ndani ya saa chache za mwanzo: kutokwa na mate mengi na jasho, kutapika mfululizo, macho kuzungukazunguka bila kutulia, misuli kutetemeka, na pumzi kuwa ya shida. Zahanati inaweza kuwa mbali, na Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Kitete, iko mjini Tabora, takriban kilomita 90 kutoka mjini Urambo. Mtu wa kwanza mwenye elimu ya kuzisoma dalili hizo, akaiambia familia isisubiri kukuche, anaweza kuwa ni mhudumu wa kitongoji. Thamani ya mpango huo kwa Urambo itategemea kama mafunzo yake yatagusa nge na nyoka, pamoja na malaria, lishe na uzazi.

Saa hizo za kwanza ndizo zinazopotea. Familia nyingi, kwa nia njema kabisa, huanza kwa kuchanja jeraha kwa wembe, kufunga kamba juu yake, kupaka mafuta ya taa au maji ya betri, au kubandika jiwe jeusi linaloaminika kuvuta sumu. Hakuna kati ya hayo kinachoondoa sumu ya nge mwilini. Wembe huleta jeraha jipya na hatari ya pepopunda, kamba huzuia damu kufika kwenye kiungo, na maji ya betri huunguza ngozi. Jiwe lenyewe halimdhuru mtu. Ubaya wake ni kwamba familia hukaa ikilitazama hadi usiku wa manane.

Kinachofaa ni chepesi kuliko hayo yote. Jeraha lioshwe kwa maji na sabuni, kiungo kitulizwe, pete au bangili zivuliwe kabla ya uvimbe, kitambaa chenye maji baridi kiwekwe mahali palipoumwa, na dawa ya kawaida ya maumivu itolewe kwa kipimo cha umri. Mtu mzima asiye na dalili nyingine anaweza kuangaliwa nyumbani. Mtoto mdogo, mjamzito, mzee na mwenye ugonjwa wa moyo wapelekwe kituo cha kutolea huduma hata kama wanaonekana wazima. Huko wataweza kupewa dawa ya ganzi kwa maumivu makali, oksijeni na uangalizi wa moyo na pumzi. Wizara ya Afya inapokea pia simu za wananchi bila malipo kupitia namba 199.

Dawa mahususi ya kuzuia sumu ya nge ni jambo linalohitaji uwazi. Dawa za aina hiyo hutengenezwa kwa sumu ya nge wa eneo fulani. Iliyotengenezwa Afrika Kusini inawalenga nge wa kundi la Parabuthus, na haiwezi kudhaniwa kuwa itafaa dhidi ya kila nge wa miombo. Meksiko ilifanikiwa kupunguza vifo kwa kiwango kikubwa ilipotengeneza dawa ya nge wake yenyewe na kuifikisha hadi kwenye vituo vidogo vya vijijini. Kabla nchi yoyote haijafika hapo, hulazimika kwanza kujua ni nge gani wanaouma watu wake, wapi, na kwa wingi gani.

Hapo ndipo penye pengo. Katika taarifa za kawaida za vituo vya afya, aliyeumwa na nge amezoeleka kuandikwa katika fungu moja na walioumwa na nyoka na wadudu wengine. Mtoto aliyedungwa na nyuki na mtoto aliyefikishwa akiwa hawezi kupumua kwa sumu ya nge huweza kuonekana kuwa tarakimu mbili zinazofanana. Shirika la Afya Duniani liliingiza kuumwa na nyoka katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yasiyopewa kipaumbele mwaka 2017, na miaka miwili baadaye likatoa mkakati wa kupunguza kwa nusu vifo na ulemavu unaotokana na nyoka ifikapo mwaka 2030. Nge hakupata nafasi yake mwenyewe katika orodha hiyo. Wilaya ya Urambo haihitaji kusubiri orodha ya dunia ili kuongeza safu moja katika daftari la zahanati: aliyeuma ni nani, mgonjwa ana umri gani, aliumwa saa ngapi na alifika saa ngapi.

Nyumbani nako yapo mambo yasiyo na gharama kubwa. Chandarua kilichochomekwa vizuri chini ya godoro, ambacho kaya nyingi tayari zinacho kwa ajili ya malaria, humzuia pia nge anayedondoka kutoka kwenye paa la nyasi au kupanda kitandani. Mtoto anayelala juu ya mkeka sakafuni hana kinga hiyo. Nyufa za ukuta wa tope huzibwa kwa tope lilelile. Viatu na nguo zilizoachwa chini hukung'utwa kabla ya kuvaliwa. Kuku wanaozurura uani hula nge bila kulipwa, na wanafanya kazi hiyo vizuri kuliko sumu za shambani ambazo baadhi ya wakulima wa tumbaku huzipulizia ndani ya nyumba. Ngozi ya nta ya nge hupitisha sumu hizo kwa shida. Mapafu ya mtoto huzipitisha kwa urahisi.

Kwa wanaotaka kujua kama nyumba yao ina nge, ipo njia ambayo watafiti huitumia kila mahali. Mwili wa nge hung'aa rangi ya kijani chini ya mwanga wa urujuanimno, na tochi ndogo za mwanga huo, zinazotumika kukagua noti bandia, hufanya kazi hiyo katika usiku usio na mbalamwezi. Mtu mmoja mwenye tochi ya aina hiyo katika kitongoji, akizunguka marundo ya kuni mwezi Oktoba kabla ya mvua, anaweza kuwaonesha majirani zake idadi waliyokuwa wakilala nayo. Magogo yanayobainika kuwa na wakazi hao yatangulie kusogezwa, kwa fimbo na glavu nene, wakati rundo bado ni kavu na moto wa bani haujawashwa.